Kikao Kisichofungwa



Chukua muhtasari wa kikao chochote cha kwetu, cha kijiji, cha kamati ya shule, cha chama cha ushirika, cha msikiti au cha kanisa, ufunue ukurasa wa mwisho. Utakuta ajenda mbili zinafuatana. Ya kwanza ni Mengineyo, pale ambapo mzee aliyekaa kimya saa mbili nzima hunyoosha mkono na kuanzisha habari ya ng'ombe walioingia shamba la shule. Ya pili ni Kufunga Kikao. Mwenyekiti anawashukuru wajumbe, katibu anaandika saa, mtu anaombwa alete dua, watu wanatafuta kandambili zao. Baada ya hapo kikao kimefungwa. Ukimkuta katibu sokoni kesho yake ukataka kuendeleza hoja, atakwambia uilete kikao kijacho, kwenye yatokanayo, na hakuna atakayemwona ana kiburi.

Sasa shika simu yako utazame magrupu uliyomo. Grupu la wazazi wa darasa la nne. La ukoo. La mtaa. La kikoba. La mliomaliza kidato cha nne pamoja. La kamati ya harusi ya mtoto wa jirani, ambaye siku hizi ana watoto wawili. Vyote hivyo ni vikao. Vina wajumbe, vina viongozi, vina ajenda, vingine vina hata mwekahazina. Lakini hakuna hata kimoja kilichowahi kufungwa. Mengineyo yalianza siku ya kwanza na mpaka usiku huu yanaendelea.

Nimekuwa nikisikia watu wanalalamika kwamba simu imewazidi, na wengi wanajilaumu kwamba hawana nidhamu. Mimi nadhani wanajionea bure. Tulichofanya ni kuhamishia vikao vyetu mtandaoni, jambo ambalo lilikuwa la lazima na lenye faida, halafu tukasahau kuhama na taratibu zake. Hodi, karibu, saa ya kufungua, mwenyekiti wa kutoa nafasi ya kusema, saa ya kufunga, kuagana: vyote tulivijua vizuri kabla simu haijafika. Tumevibwaga njiani.

Ushauri unaovuma sana siku hizi ni kufuta programu. Weka simu kwenye droo, kaa wiki bila mtandao, utaibuka mtu mpya. Unaweza kumfaa mtu ambaye akifuta atakosa picha za chakula cha rafiki zake. Kwetu, ukifuta WhatsApp leo, kesho hutajua kwamba maziko yamesogezwa mbele, kwamba shule imebadilisha siku ya kufungua, kwamba mtaani maji hayatatoka hadi Ijumaa, kwamba shangazi amelazwa na anatafutiwa damu. Ziko familia zenye mguu mmoja Unguja na mwingine Maskati, au mmoja Mombasa na mwingine Dubai, ambazo zinaposa, zinasuluhisha ugomvi na kuzungumzia mirathi ndani ya grupu moja. Mwambie mtu wa familia hiyo afute. Atakucheka, na atakuwa amekustahi.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili ambayo husemwa kama ni moja.

Kuna mitandao inayokuvuta kwa mashine. Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alitengeneza ule utaratibu wa ukurasa usio na mwisho: ukifika chini, vitu vingine vinajileta vyenyewe, huna haja ya kubonyeza kwenda ukurasa wa pili. Baadaye amesema hadharani kwamba anajuta. Februari 2009 Facebook ikaleta kitufe cha kupenda. Miaka mingi kabla ya hapo mwanasaikolojia B. F. Skinner alikuwa amekwisha kuonyesha, kwa njiwa waliofungiwa kwenye masanduku, kwamba ndege anayepewa punje bila mpangilio unaotabirika hudonoa kwa bidii na bila kupumzika, kuliko yule anayejua punje itashuka lini. Unapovuta skrini ya TikTok au Instagram hujui kama kinachofuata kitakuchekesha, kitakukera au kitakuchosha. Hiyo ndiyo sababu kidole hakitulii.

Grupu la ukoo halifanyi kazi hivyo. Jan Koum na Brian Acton walipoianzisha WhatsApp mwaka 2009, Acton alimwandikia mwenzake kijikaratasi cha kumkumbusha kwamba hawataki matangazo, hawataki michezo, hawataki vituko. Facebook iliinunua mwaka 2014 kwa kiasi cha dola bilioni 19, na mengi yamebadilika tangu hapo, lakini ndani ya grupu jumbe bado zinapangwa kwa kufuata saa zilivyoingia. Hakuna mashine inayokuchagulia ujumbe wa kukushika. Anayekurudisha pale ni binadamu. Ni mjomba, ni mwalimu wa darasa, ni mwenyekiti wa mtaa, ni mkwe. Tiki za bluu zilipoletwa Novemba 2014, mkwe akapata na ushahidi: umesoma saa tatu na dakika kumi, na hukujibu.

Kwa maneno mengine, kinachotuburuta ni heshima. Na heshima huwezi kuifuta kama programu.

Angalia salamu. Mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, anaandika "Shikamooni wakubwa" saa kumi na moja alfajiri. Grupu lina watu 180. Wakubwa wanaitika, mmoja mmoja, kadiri wanavyoamka, mpaka saa nne asubuhi marahaba bado zinaingia. Au angalia msiba. Msemaji wa familia anatuma taarifa: marehemu anasafirishwa lini, ibada itakuwa wapi, mazishi saa ngapi, mchango upelekwe namba gani na kwa jina la nani. Chini yake zinashuka pole mia mbili, kila moja ina haki yake na kila moja imetoka moyoni, na baada ya nusu saa ratiba imefukiwa. Anayeingia jioni anauliza: "Jamani, mazishi ni lini?" Anajibiwa na watu watano, na wawili kati yao wamekosea.

Nasema haya bila kumcheka mtu. Pole isiyosemwa ni deni katika jamii zetu, na atakayepima nani alitoa pole na nani hakutoa yupo. Lakini tulipokuwa tunakwenda msibani kwa miguu, utaratibu ulikuwepo. Ulikaa mkekani, ukawapa mkono wafiwa, na aliyesimama kusoma ratiba alinyamaziwa. Siku hizi kuna njia za kunyamaziana hata kwenye simu. Tangu mwaka 2022 unaweza kugusa ujumbe na kuweka alama ya mikono iliyounganishwa bila kuandika ujumbe mpya. Tangu Desemba 2023 ujumbe unaweza kubandikwa juu ya grupu ukabaki pale hata yakishuka maneno mia tano. Msemaji wa familia akibandika ratiba, pole zinaweza kuendelea mpaka usiku wa manane na hakuna atakayeikosa. Nimeona magrupu machache sana yanayofanya hivyo.

Mtu ataniambia kwamba mazungumzo ya kawaida hayana ajenda wala mwenyekiti, na kwamba nayafanya maisha kuwa ofisi. Hebu twende Mji Mkongwe, pale Jaws Corner. Wanaume wanakaa kwenye baraza, kahawa chungu inapita kwenye vikombe vidogo, dhumna linagongwa, siasa inachambuliwa mpaka mfupa. Hakuna muhtasari unaoandikwa. Lakini hata pale, adhana ya magharibi ikisikika watu wanainuka. Aliyekuwa anashinda hoja anainuka, na aliyekuwa anashindwa anainuka akiwa amepata muda wa kuipoza hasira. Na kabla ya adhana kuna jambo jingine: wanaonana macho. Anayetaka kusema neno la kumvunjia mwenzake heshima anauona uso wake kwanza. Kwenye skrini unaona herufi, na picha ya maua.

Idadi nayo inadanganya. Mpaka mwaka 2022 grupu la WhatsApp lilikuwa na mwisho wa watu 256. Mwaka huo likapanuliwa likawa 512, na kabla mwaka haujaisha likafika 1,024. Hakuna ukumbi wa kijiji unaoingiza watu 1,024 wakaweza kuzungumza. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta mzaliwa wa Denmark, aliandika mwaka 2006 kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni watu 90 kati ya kila 100 husoma tu, 9 huchangia kidogo kidogo, na mmoja ndiye anayejaza sehemu kubwa ya kinachosomwa. Ni kipimo cha jumla, lakini lifikirie grupu lako la mtaa. Je, si watu wale wale sita? Mmoja ana hasira na serikali ya mtaa, mmoja anauza viatu, mmoja anatuma mawaidha kila alfajiri, na watatu wanabishana kuhusu Simba na Yanga.

Kwa sababu hiyo, ukisikia "grupu limeamua" au "wazazi wote wamekubali", uliza ni wangapi. Nimeona michango ya shule ikipitishwa kwa ukimya. Mzazi mmoja anapendekeza kila mtoto atoe kiasi fulani kwa ajili ya mahafali, wazazi wanne wanaweka dole gumba, wazazi 60 hawasemi kitu, na wiki inayofuata orodha ya wasiolipa inabandikwa kwa majina. Hao 60 walikuwa kazini, au hawakuwa na bando, au waliona haya kusema mbele ya watu kwamba hawana. Kwenye kikao cha ana kwa ana mwenyekiti angetazama nyuso. Angejua akidi haijatimia. Grupu la simu halina akidi, na mimi naona jambo lolote la fedha lisipitishwe pale. Litangazwe pale, lijadiliwe pale ikibidi, lakini uamuzi ufanyike watu wakiwa wamekaa, au angalau kwa kura yenye siku ya mwisho iliyotajwa.

Halafu kuna kufowadi. Hapa naomba nikawie kidogo.

Tarehe 1 Julai 2018, katika kijiji cha Rainpada, wilaya ya Dhule, jimbo la Maharashtra nchini India, wanaume watano walishuka kwenye basi siku ya gulio. Walikuwa wageni, watu wa jamii ya wahamahamaji. Kwa wiki kadhaa simu za eneo lile zilikuwa zimejaa jumbe na video za kuonya kwamba wezi wa watoto wanazunguka. Umati uliwapiga mpaka wakafa wote watano. Halikuwa tukio pekee mwaka huo nchini India, ila ni mojawapo ya yaliyoilazimisha kampuni ya WhatsApp kubadilika. Mwezi huo huo wa Julai, India ikawekewa kikomo: ujumbe usipelekwe zaidi ya sehemu tano kwa mkupuo. Januari 2019 kikomo hicho kikawa cha dunia nzima. Aprili 2020, uvumi wa korona ulipopamba moto, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukazuiwa kupelekwa zaidi ya sehemu moja kwa mara moja, na kampuni ikasema jumbe za aina hiyo zilipungua kwa asilimia 70.

Itazame asilimia hiyo vizuri. Watu hawakukatazwa kutuma. Hawakuelimishwa, hawakutishiwa, hawakuhubiriwa. Waliongezewa kazi ya kidole tu: badala ya kutuma mara moja kwa watu wote, urudie kwa kila mmoja. Kazi hiyo ndogo ikapunguza jumbe hizo kwa kiasi ambacho semina elfu moja zisingeweza. Ina maana sehemu kubwa ya tulichokuwa tunatumiana hakuna aliyekiamini kwa dhati. Tulituma kwa sababu kutuma kulikuwa rahisi, na kwa sababu mtu hapendi kuwa wa mwisho kuonya ndugu zake.

Ujumbe uliopita mikono mingi hupachikwa mishale miwili juu yake. Ukiiona, jua kwamba anayekutumia hakuandika, na aliyemtumia yeye hakuandika, na yule wa kwanza hayupo wa kuulizwa. Watu wa magrupu wana maneno yao ya kujikinga: "Nimeitoa grupu jingine", au "Nimeileta kama nilivyoipata." Maneno hayo yanasemwa kama wudhu wa kuondoa dhambi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, Kenya ina ya kwake tangu 2018, na zote mbili zilitungwa zikiwa na vifungu kuhusu kusambaza taarifa za uongo. Lakini niiache sheria kwa wanasheria. Mimi naona kuna swali la kiungwana zaidi, ambalo bibi yeyote wa uswahilini angekuuliza bila kusoma sheria hata moja: wewe umeyasikia kwa nani? Kama huwezi kumtaja mtu, kaa nayo.

Katika kulisema hili siwaungi mkono wanaotaka serikali ndiyo ifunge midomo. Uganda ilijaribu. Kuanzia Julai 2018 kila aliyetaka kutumia mitandao ya kijamii alitakiwa kulipa shilingi 200 za Uganda kwa siku, na Rais Museveni mwenyewe alikuwa amelalamikia umbeya, kwa neno la kwao lugambo, ambao alisema unaipotezea nchi muda na fedha. Wengi walikwepa kwa kutumia VPN, wengine wakaacha intaneti kabisa pamoja na biashara zao ndogo, na mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja badala yake kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Waliobaki na umbeya wao walikuwa wale wenye uwezo wa kuulipia au wa kuikwepa kodi.

Kwa upande mwingine, Kenya ya mwaka 2024 ilitufundisha jambo ambalo sijalisikia likizungumzwa vya kutosha. Vijana waliopinga Muswada wa Fedha walikusanyika kwenye mijadala ya sauti ya mtandao wa X, maelfu kwa maelfu, wakausoma muswada kifungu kwa kifungu. Rais Ruto mwenyewe aliingia katika mjadala wa aina hiyo tarehe 5 Julai, siku chache baada ya kukataa kuutia saini muswada. Mengi yamesemwa kuhusu siasa ya siku zile na damu iliyomwagika, na si mahali pake hapa. Mimi nilivutiwa na muundo. Mjadala wa sauti una mwenyeji. Anayetaka kusema ananyoosha mkono na kusubiri zamu. Wengine wote wananyamaza na kusikiliza. Na ukifika mwisho unafungwa, anayetaka zaidi anasubiri mwingine. Watu wale wale ambao kwenye maandishi wangetukanana usiku kucha, waliweza kumsikiliza mtu wasiyekubaliana naye kwa dakika tano bila kumkata. Hakuna aliyewabadilisha tabia siku zile. Walikuwa kwenye kikao chenye mlango.

Tukirudi kwenye grupu lako, milango imekwisha kuwekwa, ila imefichwa kwenye mipangilio na hakuna aliyetuonyesha. Hodi ipo: tangu Aprili 2019 unaweza kuchagua ni nani aruhusiwe kukuingiza kwenye grupu, na usiyempa ruhusa atalazimika kukutumia mwaliko kwanza. Kunyamazisha moja kwa moja kupo tangu mwaka 2020. Kabla ya hapo kulikuwa na mwisho, ikabidi urudie. Kuweka grupu kando kabisa, lisijipandishe tena juu kila mtu anapoandika, kupo tangu Julai 2021. Na pale pale kwenye mipangilio zima kupakua picha na video kwenyewe. Hilo peke yake litakuokolea bando, na mwisho wa mwezi simu haitakwambia kwamba imejaa.

Kwa nini kunyamazisha, wakati unaweza kutazama kwa sekunde moja na kuendelea na kazi? Gloria Mark, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, ametumia miaka mingi kupima watu wakiwa kazini na kompyuta zao. Mwaka 2004 alikuta mtu anakaa kwenye skrini moja wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuhamia kwingine. Katika vipimo vya miaka ya karibuni ni kama sekunde 47. Arifa si chanzo cha yote hayo, kwani yeye mwenyewe amegundua kwamba mara nyingi mtu hujikatiza bila kukatizwa na kitu. Mkono umezoea. Fundi cherehani anayesimamisha mashine kila simu inapotikisika, baada ya muda huisimamisha hata simu ikiwa kimya, ili kuhakikisha kwamba ni kimya.

Kinachotuogopesha kunyamazisha ni dharura. Itakuwaje mama akizidiwa usiku? Jibu lake ni la zamani: piga simu. Katika magrupu yaliyotulia niliyoyaona, sharti la kwanza ni hilo. Jambo la haraka halitumwi kwa maandishi, linapigiwa. Likikubaliwa na wote, kila mjumbe anaweza kunyamazisha grupu bila wasiwasi na kulifungua kwa saa zake, baada ya kazi, baada ya swala ya isha, wakati wa chai. Yako magrupu ya darsa na ya mafunzo ya Biblia yanayokwenda mbali zaidi: viongozi hulifungua kwa saa moja jioni, watu wanauliza na kujibiwa, kisha wanaweka ule mpangilio uliokuja mwaka 2018 wa viongozi pekee kuandika. Hakuna anayenuna, kwa sababu kila mtu anajua litafunguliwa tena kesho saa ngapi.

Kutoka ndiko kugumu. "Fulani amelefti" ilikuwa taarifa iliyosomwa kama tangazo la ugomvi. Watu walikuwa wanapigiana simu: kafanyiwa nini? Kampuni nayo ililiona hilo, na tangu Agosti 2022 ukitoka wanaarifiwa viongozi tu. Watu wengi walishangilia. Mimi nina shaka nayo kidogo, maana kwetu mtu hatoki barazani kwa kunyata. Kunyata kunazua maswali zaidi kuliko kuaga. Afadhali uandike mistari miwili: "Shikamooni wakubwa. Shughuli imekwisha salama, tunamshukuru Mungu. Naomba nitoke hapa nipunguze mizigo kwenye simu, kwa lolote namba yangu ni hii hii." Atakayekasirika kwa hayo alikuwa amekwisha kukasirika zamani.

Nimelitaja grupu la kamati ya harusi, na ndilo lenye mkasa wa pekee, kwa sababu kamati ya harusi ina mwisho unaojulikana. Dar es Salaam na miji mingine, harusi ikishapita, wajumbe hukutana kwa ajili ya kuvunja kamati. Kunakuwa na nyama, vinywaji, muziki kidogo. Mwekahazina anasoma hesabu: ahadi zilikuwa kiasi gani, zilizolipwa kiasi gani, ukumbi, mapambo, chakula, salio au deni. Maharusi wanashukuru. Mwenyekiti anatamka kwamba kamati imevunjwa, watu wanapiga makofi na kwenda nyumbani. Na grupu linabaki! Miezi sita baadaye linapitishiwa kadi ya harusi ya mtu mwingine, kwa kuwa wachangiaji tayari wamo humo. Baada ya mwaka ni soko la vitenge. Bwana harusi, ambaye hakuwahi kuwamo, hajui kwamba jina lake na la mkewe bado ni kichwa cha mabishano ya mpira.

Kama wewe ni admini wa grupu la aina hiyo, usiku huu kazi yako ni ya dakika kumi. Tafuta hesabu ya mwisho uipige picha, uitume. Andika shukrani. Taja tarehe, wape wajumbe siku mbili tatu wachukue picha na namba wanazozihitaji. Kisha weka mpangilio wa viongozi pekee kuandika, uwatoe wajumbe mmoja mmoja, na wewe uwe wa mwisho kutoka. Wale wa Simba na Yanga watafungua la kwao kabla hujafika kitandani, na hilo ni sawa; litakuwa na jina linalofanana na kinachozungumzwa humo.